Neno Moja, Sura Mbili: Hati za Maandishi na Majina ya Tovuti

Mchuuzi wa Rumonge husema ndagala, mwenzake wa Kigoma husema dagaa. Samaki ni yule yule wa Ziwa Tanganyika. Hivyo ni visawe, maneno mawili. Je, neno likiwa moja lakini lina sura mbili za maandishi?

Hilo ndilo suala la Kichina katika majina ya tovuti. Alama 国 na 國 zote husomwa guó, yaani “nchi”. Ya kwanza ni ya hati iliyorahisishwa China Bara kuanzia miaka ya 1950. Ya pili ni ya jadi, nayo hutumika Taiwan na Hong Kong. Msomaji huona neno moja. Kompyuta hulinganisha namba za alama tu. Kwa hiyo 中国 huhifadhiwa kama xn--fiqs8s, na 中國 kama xn--fiqz9s. Tapeli akisajili sura ya pili, wateja wa mwenye jina huishia kwake.

Mwaka 2004 ulitolewa mwongozo uitwao RFC 3743 kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Kila msajili huandaa jedwali la alama zinazolingana. Jina na sura zake huwa fungu moja la mwenyewe mmoja: baadhi hutumika, nyingine huzuiwa. Mwaka 2010 sura zote mbili za 中国 zilikabidhiwa taasisi moja ya China.

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina tatizo hili. Lakini mtoto wa Rumonge aliyepita madrasa anajua pia herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizoandika Kiswahili kwa karne kadhaa. Katika “kitabu”, كتاب ya kafu ya Kiarabu na کتاب ya kafu ya Kiajemi hufanana machoni, ila kwa kompyuta ni majina mawili.

Tena, mwongozo wa Kiarabu wa mwaka 2010, RFC 5564, unaelekeza harakati ziachwe. Mwarabu hapotezi mengi. Kwetu sisi, kwa mtindo wa kale ambao irabu ya mwisho huonyeshwa kwa harakati tu, “kata” na “kati” zote hubaki كات. Jedwali la Kiarabu, basi, haliwezi kuazimwa likakitosha Kiswahili.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi: waandike maneno kumi kwa hati hiyo, wafute harakati, kisha wahesabu yaliyogongana. Wanaoijua lugha ndio wanaoweza kuandaa jedwali lake.