Kidumu cha Mafuta ya Taa: Hesabu ya Ajali na Kinga

Mwezi huu tuzungumzie ajali za nyumbani kwa upande wa hesabu: kuzuia kunagharimu kiasi gani, na kutozuia kunagharimu kiasi gani?

Chukueni mfano wa mafuta ya taa. Mara nyingi huwekwa katika chupa ya soda, chini, karibu na jiko. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu huona soda. Akinywa, mafuta huweza kuingia mapafuni na kuleta homa kali ya mapafu. Hapo msimtapishe, maana akitapika hatari hiyo huzidi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Tuseme matibabu, nauli na siku ambazo mama hakwenda shambani ni shilingi 200,000. Tuseme pia kwamba kati ya nyumba 50 zenye desturi hiyo, moja hupata ajali kila mwaka. Tukigawanya, kila nyumba inabeba hasara ya shilingi 4,000 kwa mwaka, ingawa haijaiona. Kidumu chenye kifuniko cha kukaza, kikiwekwa juu asikofika mtoto, tuseme ni shilingi 2,000. Basi asiyekinunua hajaokoa fedha, amezipoteza.

Je, tununue na kabati la chuma lenye kufuli, la shilingi 60,000? Kidumu kikiwa juu, tuseme hatari imeshuka hadi nyumba 1 kati ya 1,000. Hasara iliyobaki ni shilingi 200 kwa mwaka. Fedha hizo zingefaa zaidi kuinua jiko kutoka sakafuni, ili watoto wasiungue, au kununua vyandarua.

Kipimo hiki hutumika hata mahakamani. Mwaka 1947 Jaji Learned Hand wa Marekani, katika kesi ya tishari lililozama bandarini New York, alieleza kuwa mtu ni mzembe iwapo gharama ya kujihadhari ilikuwa ndogo kuliko hasara ikizidishwa kwa uwezekano wa kutokea kwake.

Tuulize pia: nani angeweza kuzuia ajali kwa urahisi kuliko wote? Si mtoto, asiyejua kutofautisha chupa. Ni mtu mzima aliyemimina mafuta, na mwenye duka anayeyauza katika chupa za soda. Baba asimlaumu mama peke yake.

Wengine watasema uhai hauna bei. Ni kweli. Zile shilingi 200,000 hazikumhesabu mtoto anayefariki, na tukimkumbuka huyo, kidumu ni rahisi mno. Lakini fedha za familia ni chache. Kwa kuwa uhai ni zawadi ya Mungu, tuzitumie kwanza pale zinapookoa zaidi.

Leo jioni, akina baba na akina mama, tazameni chini ya meza ya jikoni. Mkikuta chupa ya soda yenye mafuta, ihamisheni kabla ya kulala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.