Kailo: Mbwa asiyebweka na mpaka asiouona

Katika vijiji vya teritware ya Kailo, jimboni Maniema, muwindaji anayeingia pori la mbali hamfungi mbwa wake kamba. Anamvalisha kengele ya mti shingoni. Sababu ni kwamba mbwa wa aina hii habweki. Akishapotea nyuma ya majani, mwenyewe hana kitu kingine cha kufuata isipokuwa ule mlio mkavu unaoshuka bondeni au kupanda kilima.

Safari yenyewe inaweza kuchukua siku kadhaa. Watu wanabeba panga, chumvi, mihogo na nyavu. Wavu unafungwa kati ya miti, kisha mbwa wanaachiliwa upande wa pili ili wasukume mboloko au nungu kuelekea huko. Kengele ikinyamaza ghafula, watu wote wanasimama: huenda mbwa amekuta mnyama, huenda amekuta nyoka.

Ni mbwa mdogo, wa kilo 10 hivi, masikio wima na mkia uliokunjwa mgongoni. Wazungu walimpa jina la basenji, neno la huku kwetu lenye undugu na lile tusi la “washenzi”. Mbwa wawili walipelekwa Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Ni mwaka 1937 tu ndipo uzazi wao uliposhika huko. Mwaka 1987 na 1988, wafugaji kutoka Marekani walikuja hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta damu mpya, maana mbwa wao walikuwa wamezaliana ndugu kwa ndugu na magonjwa ya kurithi yalizidi. Huko analala kwenye kochi. Huku anakula mabaki, na mara nyingi hajawahi kuchanjwa hata kichaa cha mbwa.

Lakini pori analoingia limebadilika. Tangu mwaka 2016, upande wa magharibi, kuelekea mto Lomami, kuna Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye zaidi ya kilometa mraba 8,800 katika majimbo ya Maniema na Tshopo. Humo kuna tembo, okapi na bonobo. Ng'ambo ya mto kuna pia lesula, nyani aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2012. Lesula hutembea sana chini, kwa hiyo mbwa wanaweza kumfikia kwa urahisi kuliko nyani wa juu mitini.

Kuwinda ndani ya hifadhi kumekatazwa. Mbwa, naye, anafuata harufu tu. Mboloko akivuka kijito kilicho mpaka, mbwa anavuka, kengele inavuka, na mwenyewe anabaki na uamuzi mgumu: kumfuata na kuhatarisha kukamatwa, au kumwita na kurudi nyumbani mikono mitupu, watoto wakisubiri mboga.

Pua ya mbwa inatumika pia upande wa pili wa sheria. Huko Virunga, Kivu ya Kaskazini, walinzi wa hifadhi wana mbwa tangu mwaka 2011: wakubwa wenye masikio marefu ya kuning'inia, wanaofundishwa Rumangabo kufuata nyayo za majangili. Hao hawaachiliwi wakimbie peke yao. Mlinzi anamshika kwa kamba ndefu, na nyuma yake wanatembea wenzake wenye bunduki.