Peter Westbrook

Peter Westbrook (16 Aprili 1952 – 29 Novemba 2024) alikuwa mchezaji wa vitara wa Marekani ambaye baadaye akawa kocha. Silaha yake ilikuwa seba, mojawapo ya aina tatu za vitara vya mashindano. Katika seba mchezaji hupata alama kwa makali na kwa ncha, mradi amguse mpinzani juu ya kiuno.

Maisha na mashindano

Alizaliwa St. Louis, akakulia katika mtaa wa maskini mjini Newark, New Jersey. Baba yake, mwanajeshi Mmarekani mweusi, aliiacha familia. Mama yake Mjapani, Mariko, akalea watoto peke yake. Ndiye aliyempa mwanawe dola 5 ili akajaribu somo la kwanza la vitara, akitaka kumwepusha na mambo ya mitaani. Mchezo huo ulihesabiwa kuwa wa matajiri, na haikuwa bure: vifaa vyake ni ghali na wachezaji weusi walikuwa wachache.

Ustadi wake ulimpatia ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1973 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu, kisha akatwaa ubingwa wa taifa mara 13. Aliteuliwa katika timu ya Olimpiki mara sita, ingawa mwaka 1980 hakushiriki kwa kuwa Marekani ilisusia michezo ya Moscow. Huko Los Angeles mwaka 1984 alipata medali ya shaba, medali ya kwanza ya Marekani katika vitara tangu 1960. Hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo kabla yake.

Ukocha

Mwaka 1991, akiwa bado anashindana, alianzisha jijini New York mfuko wenye jina lake wa kuwafundisha vitara watoto wa familia zisizo na uwezo. Mafunzo hufanyika Jumamosi, na wanafunzi husaidiwa pia masomo ya shule. Kwake cheti kilikuwa na uzito kuliko medali.

Hata hivyo medali zilikuja. Keeth Smart alikuwa Mmarekani wa kwanza kushika nafasi ya kwanza duniani katika seba (2003), na mwaka 2008 huko Beijing yeye na dada yake Erinn walipata fedha, kila mmoja na timu yake. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, Daryl Homer alipata fedha, naye Ibtihaj Muhammad, aliyeshindana akiwa amevaa hijabu, akapata shaba na timu ya wanawake. Lauren Scruggs alitwaa dhahabu ya timu na fedha huko Paris mwaka 2024, miezi michache kabla ya Westbrook kufariki akiwa na umri wa miaka 72.