Parvo ya mbwa haipiti kwa mtu, lakini mtoto SS ana yake ya kuogopa

Mtoto wa mbwa anaacha kula asubuhi. Jioni anatapika povu, kesho yake anahara damu yenye harufu kali, na mara nyingi siku ya tatu anakufa. Wafugaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wanauita ugonjwa huo parvo. Mzazi akiona damu ile uani ambako watoto wanachezea, swali la kwanza ni moja: je, unaweza kuingia nyumbani?

Hapana. Kirusi cha parvo ya mbwa hakimwambukizi mtu. Ugonjwa wa mbwa unaoua watu ni kichaa, na huo unapita kwa mate ya mbwa anayeuma.

Lakini swali la mzazi huyo si la kijinga. Parvo ya mbwa ilijulikana tu mwaka wa 1978. Ilitokana na kirusi cha jamii ya kile kinachoua paka: ganda lake lilibadilika kidogo, likaweza kushika chembe za mbwa, na ndani ya miaka kama miwili kikazunguka dunia nzima. Tangu hapo kimeishi karibu na watu bila kupata mlango wa kuwaingia.

Kwa mbwa kinga ipo, ni chanjo. Wengi wanachoma sindano moja tu, mbwa akifa wanasema dawa ilikuwa mbaya. Kumbe kinga ambayo mtoto wa mbwa alipata kwa mama yake inaweza kuizuia sindano ya kwanza isifanye kazi. Ndiyo maana inaanzwa kwenye wiki 6 hadi 8, kisha inarudiwa kila wiki 3 ao 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Na pale mbwa alipofia, kirusi kinabaki udongoni miezi mingi. Sabuni ya kawaida haikiui, Javel inakiua.

Mtu naye ana parvo yake, inayoitwa B19. Yvonne Cossart na wenzake waliigundua London, na kuitangaza mwaka wa 1975, walipokuwa wakipima damu kwa ajili ya hepatiti B. Jina lilitokana na damu namba 19 ya kundi B. Inapita kwa kikohozi na mate, hasa kati ya watoto wa shule. Mtoto mwenye afya anapata homa kidogo na mashavu mekundu kama aliyepigwa kofi, alama ambayo juu ya ngozi nyeusi haionekani vizuri. Inaisha yenyewe.

Kwa mtoto SS mambo ni mengine, na Congo ni kati ya nchi zenye watoto SS wengi zaidi duniani. B19 inashambulia chembe changa zinazotengeneza damu ndani ya mifupa, na kazi hiyo inasimama kwa wiki moja hivi. Mtu wa kawaida hasikii kitu, kwa sababu chembe zake nyekundu zinaishi karibu siku 120. Za mtoto SS zinaishi siku 10 hadi 20 tu. Wiki moja bila chembe mpya inatosha kumwisha damu.

Hatari ni kwamba inafanana na malaria: homa, uchovu, kichwa kuuma. Lakini viganja na ndani ya kope vinakuwa vyeupe haraka, mtoto anahema hata akiwa amekaa. Maabara ikihesabu chembe changa za damu, ambazo kwa SS kwa kawaida ni nyingi, inakuta karibu hakuna. Hapo anahitaji kuongezewa damu bila kungoja.

Chanjo ya B19 kwa watu haijapatikana. Mama mwenye mimba naye ajihadhari, maana mtoto aliye tumboni anaweza kuishiwa damu na hata kufa. Kwa hiyo hospitalini mtoto SS mwenye B19 halazwi karibu na wamama wenye mimba.

Anayepona kwa kawaida haugui tena B19. Kama nyumbani kuna ndugu mwingine SS, naye apimwe damu siku hizo hizo, hata kama bado anacheza.