Tumbo Lisilopona: Jinsi Muuguzi Anavyomsaidia Mgonjwa wa IBS

Mara ya kwanza mama muuza mboga anaambiwa ana ameba. Mara ya pili anaambiwa ni taifodi. Mara ya tatu hapitii zahanati tena. Anaenda moja kwa moja hadi duka la dawa, ananunua vidonge vilevile na kupata nafuu ya siku chache. Mwezi unaofuata tumbo linaanza upya: linasokota, linajaa gesi, na analazimika kumwacha mteja kibandani ili akimbilie choo cha soko.

Wakazi wengi wanaijua hali hii, ama kwa kuugua wenyewe au kwa kumwona jamaa akihangaika nayo. Mara nyingine kiini chake si ameba, taifodi wala minyoo. Ni tatizo la utumbo ambalo wahudumu wa afya huliita kwa kifupi IBS. Haliui wala haligeuki kuwa saratani, lakini likikosa kutambuliwa humpotezea mtu pesa, siku za kazi na amani ya moyo.

IBS ni nini?

Utumbo una misuli inayojikaza na kulegea ili kusukuma chakula. Kwa mwenye IBS, mwendo huo huvurugika. Ukienda kasi mno, mtu huharisha. Ukienda polepole mno, choo hufunga na kuwa kigumu. Wengine hupata yote mawili kwa zamu. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu ya utumbo huwa nyepesi kuhisi, kiasi kwamba gesi ambayo mtu mwingine asingeitambua humletea mgonjwa maumivu.

Utumbo wenyewe hauna kidonda wala uvimbe. Ndiyo sababu vipimo vingi hurudi vikiwa safi, na mgonjwa huambiwa hana kitu. Hilo si sahihi. Maumivu ni ya kweli. Kilichoharibika ni utendaji kazi wa utumbo, si umbo lake.

Kwa vigezo vinavyotumiwa na madaktari kimataifa, IBS hushukiwa mtu anapoumwa na tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili zikiwa zilianza miezi 6 au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Maumivu hayo huambatana na kwenda haja, au na mabadiliko ya idadi ya safari za chooni au ya choo chenyewe. Hali hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 50.

Wengine huanza kuugua baada ya kuharisha kwa sababu ya chakula au maji machafu: viini huisha, lakini utumbo hubaki mwepesi kusumbuka. Wasiwasi na msongo wa mawazo nao huchochea dalili, kwa kuwa ubongo na utumbo huwasiliana kila wakati.

Kazi huanza kwa kusikiliza

Katika zahanati, mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa huyu kwa kawaida ni muuguzi. Wagonjwa wengi huona haya kuzungumzia choo, hasa mbele ya foleni. Kwa hivyo jambo la kwanza ni faragha: mlango ufungwe, sauti iwe ya chini, na maswali yaulizwe bila kicheko wala haraka.

Muuguzi huuliza maumivu yalianza lini, huja saa ngapi, na kama hupungua baada ya kwenda haja. Huuliza pia dawa ambazo mgonjwa amekuwa akinunua. Ili kurahisisha maelezo, anaweza kutumia chati ya Bristol, yenye picha za aina 7 za choo, kuanzia vigololi vikavu hadi majimaji matupu. Mgonjwa huonyesha tu kwa kidole.

Kisha humpima uzani na shinikizo la damu, na kuangalia dalili za upungufu wa damu. Tabibu anaweza kuagiza vipimo vya choo na damu ili kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine. Hapa tahadhari inahitajika: kipimo cha Widal peke yake kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo. Kumeza antibiotiki kila mwezi kwa ugonjwa usiokuwepo hakuponyi IBS. Dawa hizo zinaweza kuvuruga zaidi viini vyema vya utumbo, na huvipa viini vibaya nafasi ya kuzoea dawa.

Dalili ambazo si za kusubiri

IBS haisababishi dalili zifuatazo. Ukiziona, fika hospitalini bila kuchelewa:

- Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami.
- Kupungua uzani bila sababu.
- Homa inayoandamana na maumivu ya tumbo.
- Upungufu wa damu.
- Kuharisha kunakokuamsha usiku.
- Uvimbe unaoweza kuguswa tumboni.
- Dalili kuanza kwa mara ya kwanza ukiwa na umri mkubwa, au kuwa na jamaa wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo.

Muuguzi akigundua mojawapo, humpa mgonjwa rufaa kwenda hospitali yenye daktari na vifaa vya uchunguzi zaidi.

Daftari na sahani

Ikibainika kuwa ni IBS, muuguzi humshauri mgonjwa kuweka daftari kwa wiki 2 hadi 4. Humo huandika alichokula, saa aliyokula, maumivu, choo, na kama siku hiyo alikuwa na wasiwasi. Mara nyingi daftari hilo huonyesha kichochezi ambacho mgonjwa hakukishuku.

Baadhi ya vyakula huleta gesi kwa wingi: maharagwe na githeri, kabeji, vitunguu, kitunguu saumu, chapati na vyakula vingine vya ngano, embe, tikitimaji, na maziwa kwa wale ambao miili yao haisagi vizuri sukari iliyomo. Ugali, wali, viazi na sukuma wiki kwa kawaida huvumilika. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa kabla ya kuchemshwa, gesi hupungua.

Hata hivyo, mgonjwa asiache vyakula vyote kwa pamoja. Maharagwe na maziwa ni lishe muhimu, hasa kwa mama mjamzito na mtoto. Chakula kinachoshukiwa huachwa kwa wiki chache, kisha hurudishwa kidogo kidogo, ikiwezekana chini ya uelekezi wa afisa wa lishe.

Mambo mengine husaidia: kula kwa saa maalum bila kuruka mlo, kutafuna polepole, kunywa vikombe 8 hivi vya vinywaji kwa siku, hasa maji, kutozidisha vikombe 3 vya chai au kahawa, kupunguza soda, pombe na vyakula vya mafuta mengi, na kutembea au kufanya mazoezi mara kwa mara.

Dawa na moyo uliotulia

Hakuna kidonge kimoja kinachomaliza IBS. Zipo dawa za kutuliza msokoto, za kupunguza kuharisha na za kulainisha choo, na huchaguliwa kulingana na dalili za kila mgonjwa. Muuguzi hueleza namna ya kuzitumia na wakati wa kuziacha. Dawa ya kuzuia kuharisha, kwa mfano, haifai kwa mtu mwenye homa au damu kwenye choo.

Mgonjwa anayelala kwa hofu, aliye kwenye msiba au mwenye mgogoro nyumbani huenda akahitaji ushauri nasaha. Kumwelekeza huko si kumwambia kuwa anajifanya mgonjwa. Ni kutibu upande wa pili wa tatizo lilelile. Familia pia ina nafasi yake: kutomkejeli, na kumwelewa anapokataa chakula fulani.

Pa kuanzia

Mkazi mwenye dalili hizi aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma lake. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Ambaye hajajisajili anaweza kupiga *147# kwenye simu yake.

Anapokwenda, abebe majina au pakiti za dawa alizowahi kutumia, na daftari kama ameanza kuliandika. Na akishapewa tarehe ya kurudi, arudi hata kama amepata nafuu, kwa sababu IBS hutulia na kuamka, na muuguzi anayemjua mgonjwa wake hutambua mapema dalili inapobadilika.