Kitambaa cha njano cha 2003: Kwa nini mashabiki wa Miami hawajamsamehe refa mpaka leo?

Fataki zilikuwa zimeshalipuka angani. Wachezaji wa Miami walikuwa wameshamiminika uwanjani, wanakumbatiana kama mabingwa. Kisha kitambaa cha njano kikaanguka kwenye nyasi, na sherehe yote ikageuka kuwa kilio.

Hiyo ilikuwa Januari 3, 2003, Tempe, jimbo la Arizona, katika fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu kati ya Miami na Ohio State. Zaidi ya miaka 20 imepita. Wachezaji wa usiku ule wameshastaafu, lakini mtaje refa wa mechi ile mbele ya shabiki wa Miami uone: atakueleza tukio zima kana kwamba limetokea jana jioni.

Na si Miami peke yao. Karibu kila chuo kikubwa cha mchezo huu kina kidonda chake. Kwa nini hakiponi?

Kwanza, mchezo wenyewe

Huu si mpira wa miguu tunaoujua. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni, yenye pointi 6, na mkwaju wa nyongeza huongeza moja. Mwamuzi akiona kosa, hatupi kadi. Anarusha kitambaa cha njano.

Wamarekani wana ligi ya kulipwa, NFL, lakini futiboli ya vyuo ina mapenzi ya aina yake. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu zaidi ya 107,000. Shabiki hakuichagua timu kwenye televisheni. Alisoma pale, au baba yake alisoma pale, au ndiyo timu ya jimbo lake.

Halafu mechi zenyewe ni chache. Timu hucheza takriban mechi 12 katika msimu wa kawaida. Kwa miaka mingi, timu mbili tu ndizo zilizoingia fainali, kwa hiyo kupoteza mechi moja kuliweza kuua msimu mzima. Hata mtindo wa sasa wa timu 12 kuwania ubingwa ulianza msimu wa 2024 tu. Na mchezaji ana misimu michache ya kucheza chuoni, kisha anaondoka. Nafasi ikipotea, kikosi kile hakirudi tena.

Ilikuwaje usiku ule?

Miami iliingia fainali ikiwa imeshinda mechi 34 mfululizo. Ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Dakika za kawaida ziliisha 17-17. Kwenye muda wa nyongeza Miami ikafunga kwanza, 24-17.

Ohio State ikabaki na jaribio la nne, la mwisho, karibu kabisa na mstari. Craig Krenzel akamrushia mpira Chris Gamble kwenye kona. Beki wa Miami, Glenn Sharpe, alikuwa amembana. Mpira ukaanguka. Mchezo umekwisha, au hivyo ndivyo kila mtu alivyodhani.

Sekunde kadhaa zikapita. Ndipo mwamuzi Terry Porter alipotupa kitambaa: beki amemzuia mpokeaji. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akilirudia tukio kichwani ili awe na uhakika kabla ya kuamua.

Ohio State wakapewa majaribio mapya, wakasawazisha, na katika kipindi cha pili cha nyongeza wakashinda 31-24. Taji likaenda Ohio.

Kinachowauma watu wa Miami si uamuzi tu, ni ule ucheleweshaji. Kama ni kosa, wanauliza, kwa nini kitambaa hakikutoka palepale? Na nani anaamua fainali wakati fataki zimeshapigwa?

Ukivuka upande wa pili, shabiki wa Ohio State ana hadithi yake. Atakukumbusha kwamba mwishoni mwa dakika za kawaida Gamble huyohuyo alidaka mpira ambao ungewawezesha kumaliza mechi, lakini waamuzi wakasema ametoka nje ya mstari. Ohio State ikalazimika kuupiga mpira kwa wapinzani, Miami wakaurudisha mbali sana, wakapata pointi 3 za kusawazisha. Kwake yeye, kitambaa cha Porter hakikuiba kitu. Kilirudisha deni.

Jaribio la tano ambalo halipo kwenye sheria

Kama kesi ya Miami ina ubishi, ya Missouri haina.

Oktoba 6, 1990, Missouri ilikuwa nyumbani ikiongoza dhidi ya Colorado, sekunde za mwisho. Colorado walikuwa karibu na mstari. Baada ya jaribio la pili, kibao cha pembeni kinachoonyesha idadi ya majaribio hakikubadilishwa. Waamuzi hawakugundua. Colorado wakatumia jaribio lao la nne kuupiga mpira chini makusudi ili saa isimame, wakiamini ni la tatu. Wakapewa moja zaidi, la tano. Wakafunga na kushinda 33-31.

Waamuzi wale walisimamishwa. Matokeo hayakuguswa. Colorado, chini ya kocha Bill McCartney ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea Missouri, ikamaliza msimu ikiwa bingwa katika kura ya waandishi wa habari wa shirika la AP, huku makocha wakiichagua Georgia Tech. Yaani kosa la kuhesabu hadi nne lilisaidia kuamua bingwa wa nchi.

Samahani unapewa, ushindi hupewi

Hapa ndipo penye kiini cha uchungu. Kwenye futiboli ya vyuo, mechi ikishaisha, imeisha. Waamuzi wanasimamiwa na ligi ambazo vyuo vimejiunga nazo, kama Big Ten au ACC. Ligi inaweza kukiri kosa, ikaomba radhi, ikamsimamisha refa. Matokeo hayabadiliki.

Angalia mfululizo huu:

• Septemba 16, 2006: Oklahoma inaongoza 33-27 dhidi ya Oregon, imebaki kama dakika moja. Oregon wanapiga mpira mfupi kujaribu kuupata tena. Mchezaji wao anaugusa kabla haujafika yadi 10, jambo ambalo haliruhusiwi, na picha zinaonyesha mchezaji wa Oklahoma ndiye aliyeibuka nao. Bado Oregon wanapewa mpira, hata baada ya video kutazamwa. Wanashinda 34-33. Ligi ikaomba radhi na kuwasimamisha waamuzi mechi moja. Rais wa Chuo Kikuu cha Oklahoma akataka mechi ile ifutwe kwenye rekodi. Haikufutwa.

• Oktoba 31, 2015: Duke inaelekea kuishinda Miami. Mchezo wa mwisho, Miami wanapasiana mpira kwa nyuma mara nane na kufunga. 30-27. Kesho yake ligi ya ACC ikakiri kwamba mchezaji mmoja wa Miami goti lake lilikuwa limeshagusa chini akiwa na mpira, maana yake mchezo ulipaswa kusimama pale. Waamuzi wakasimamishwa mechi mbili. Duke ikabaki imefungwa.

• Septemba 10, 2016: Central Michigan wanapewa mchezo mmoja wa ziada dhidi ya Oklahoma State baada ya saa kuisha. Sheria haikuruhusu. Wanautumia kufunga na kushinda 30-27. Waamuzi wakasimamishwa mechi mbili, matokeo yakabaki.

Kwa shabiki, radhi ya namna hii ni kutonesha kidonda. Kama hakuna aliyekiri kosa, unaweza kujifariji kwamba labda ulikosea kuona. Lakini wakikwambia rasmi kwamba ulionewa, halafu wakakuachia kipigo chako, utasahau vipi?

Je, mashabiki wanaona ukweli au wanaona timu yao?

Swali hili lina jibu la kisayansi, na limetoka kwenye mchezo huuhuu.

Novemba 23, 1951, Princeton ilicheza na Dartmouth. Mechi ilikuwa ya vurugu. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitoka amevunjika pua. Mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Baada ya hapo kila chuo kikamlaumu mwenzake.

Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa 9.8 kwa wastani. Wanafunzi wa Dartmouth, wakitazama filamu hiyohiyo, waliona timu yao ikifanya 4.3.

Watu hawa hawakuwa waongo. Kila mmoja alihesabu alichokiona. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1954, unatajwa mpaka leo kuonyesha kwamba mtu hutazama mechi kwa macho lakini huiona kwa moyo.

Mbona video haikumaliza ubishi?

Ligi ya Big Ten ilianza kutumia marudio ya video mwaka 2004, nyingine zikafuata. Watu walitarajia kelele zitaisha. Zimebadilika sura tu.

Sababu moja ni kwamba si kila kosa linaangaliwa upya. Kosa kama lile la Sharpe na Gamble, kumzuia mpokeaji, ni jicho la refa uwanjani linaloamua. Sababu nyingine: hata picha ikionekana wazi, bado mtu lazima aitafsiri.

Ohio State wanalijua hilo vizuri. Desemba 28, 2019, kwenye nusu fainali dhidi ya Clemson, waliunyang'anya mpira kutoka kwa mpokeaji na kukimbia nao hadi kufunga. Wakashangilia. Video ikaangaliwa, uamuzi ukageuzwa: mpokeaji hakuwa ameudaka sawasawa, kwa hiyo hakuna kilichonyang'anywa. Pointi zikafutwa. Clemson wakashinda 29-23.

Mechi hiyo ilikuwa ya Fiesta Bowl, ileile iliyowapa taji mwaka 2003. Mwosha huoshwa.

Michigan nao wana lao. Novemba 26, 2016, Ohio State ilihitaji kipande kidogo tu cha uwanja kwenye jaribio la nne. Refa akaweka mpira, akasema wamefika. Michigan mpaka kesho wanakula kiapo kwamba hawakufika. Mchezo uliofuata Ohio State wakafunga na kushinda 30-27. Kocha Jim Harbaugh aliwalaumu waamuzi hadharani, na ligi ikakitoza chuo faini ya dola 10,000.

Hasira inapovuka mpaka

Kununa hakumdhuru mtu. Tatizo linakuja pale kinyongo kinapotafuta mtu wa kumlipia.

Baada ya mechi ile ya Oregon na Oklahoma, mwamuzi aliyekuwa akisimamia video alipigiwa simu za vitisho nyumbani kwake, hadi vya kuuawa. Ni mtu aliyekosea uamuzi wa dakika chache kazini, akajikuta anahofia familia yake.

Oktoba 19, 2024, jijini Austin, mashabiki wa Texas walikasirika refa alipofuta mpira ambao beki wao alikuwa ameunasa dhidi ya Georgia. Chupa zikaanza kurushwa uwanjani. Mechi ikasimama, waamuzi wakajadiliana, kisha wakageuza uamuzi kuwafaa Texas. Georgia walishinda hata hivyo, 30-15, na ligi ikakitoza Chuo Kikuu cha Texas faini ya dola 250,000. Lakini swali lilibaki: shabiki aliyeona chupa zimerushwa na uamuzi umegeuka, amejifunza nini?

Chuo kilichorudisha ushindi

Kuna kisa kimoja ambacho wapenzi wa mchezo huu hukirudia kila hoja hii inapoibuka.

Novemba 16, 1940, Cornell, ambayo haikuwa imefungwa msimu ule, iliishinda Dartmouth 7-3 kwa tachidauni ya sekunde za mwisho. Filamu ilipoangaliwa, ikabainika kwamba ilifungwa kwenye jaribio la tano. Refa mwenyewe alikiri kwamba alikosea.

Hakukuwa na sheria iliyoilazimisha Cornell kufanya lolote. Ingeweza kunyamaza, kama Colorado ilivyokaa na ushindi wake miaka 50 baadaye. Badala yake ikapeleka telegramu Dartmouth kuwaachia ushindi. Dartmouth wakaupokea, na matokeo yakaandikwa 3-0.

Cornell ilipoteza mechi siku ile. Lakini Dartmouth hawana kinyongo cha kurithisha watoto wao, na jina la Cornell hutajwa kwa heshima hadi leo. Miami wanaidai Ohio State, Duke wanaidai Miami, Ohio State wanaidai Clemson. Deni la mwaka 1940 ndilo lililolipwa.