VPN nyumbani: Mnunuzi atazame nini kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayeagiza mzigo, kulipa na kufuatilia hisa zake kwa kompyuta ya nyumbani ana mambo matatu ya kutazama kabla ya kununua huduma ya VPN: mwenye kampuni, sheria ya nchi na benki yake. Bei huja baada ya hayo.

KAZI YAKE

VPN hujenga njia ya siri kati ya kompyuta yako na seva ya kampuni uliyonunua kwake. Anayekuuzia intaneti haoni tena unatembelea tovuti zipi, na tovuti huona anwani ya seva ile badala ya yako.

Kazi yake inaishia hapo. VPN haiui virusi, haimzuii tapeli aliyekutumia ankara ya bandia, wala haikufichi kwa tovuti uliyoingia kwa jina lako. Tovuti za benki nazo hulinda mawasiliano yake zenyewe, uwe na VPN au usiwe nayo. Faida huonekana zaidi ukitumia mtandao wa hoteli au uwanja wa ndege, au usipotaka kampuni ya simu ijue unasoma nini.

Kama shida yako ni kufikia mafaili ya dukani ukiwa nyumbani, huenda huna haja ya kulipia kila mwezi. Baadhi ya ruta zinaweza kuwa VPN yako mwenyewe. Waulize kwanza wanaokuuzia intaneti kama duka lina anwani yake, kwani kampuni nyingi huwagawia wateja wengi anwani moja, na hapo ruta haifikiki kutoka nje.

NANI ANAMILIKI

Anayenunua VPN huhamisha imani yake kutoka kampuni ya simu kwenda kampuni nyingine, ambayo mara nyingi iko ng'ambo. Hivyo mmiliki ni suala la kwanza.

Soko hili limekuwa likiingia mikononi mwa wachache. Septemba 2021 Kape Technologies ilitangaza kuinunua ExpressVPN kwa dola za Marekani milioni 936, baada ya kuwa imekwisha kununua CyberGhost mwaka 2017 na Private Internet Access mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2021 ilinunua pia kampuni yenye tovuti za vpnMentor na Wizcase, ambazo kazi yake ni kuzipanga VPN kwa ubora. Muuzaji akimiliki mizani, mnunuzi apime mara mbili.

VPN za bure zina hesabu yake. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013 na kuigawa bure kama kinga ya mtumiaji, kumbe taarifa za matumizi zilikuwa zikikusanywa kwa manufaa ya biashara yake. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni zake mbili zilipe dola za Australia milioni 20.

Upande wa pili, polisi wa Sweden walipoingia ofisi za Mullvad Aprili 2023 wakiwa na hati ya upekuzi, walitoka bila taarifa za wateja kwa sababu hazikuwa zikihifadhiwa. Ahadi ya kutoweka kumbukumbu hupimwa kwa matukio ya aina hiyo.

SHERIA

Kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kujiandikisha kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zilitajwa, pamoja na adhabu ya faini isiyopungua Sh. milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Faini hiyo inazidi kwa mbali bei ya huduma yenyewe. Ulizia utaratibu kwa Mamlaka kabla ya kulipa.

Aidha, VPN hupita juu ya intaneti. Ilipokatwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, VPN nayo haikuwa na pa kupita.

BENKI

Benki ikiona mteja wa Kariakoo anaingia kwa anwani ya Amsterdam, inaweza kudhani ni mwizi na kufunga akaunti. Ikifungwa Ijumaa jioni, malipo ya ushuru hungoja Jumatatu huku gharama za kontena bandarini zikihesabiwa. Zima VPN unapoingia benki au kwa dalali wa hisa, au tumia mpangilio unaoruhusu programu fulani kupita nje ya VPN.

KUIFUNGA

Chukua programu kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usifuate tangazo lililojitokeza ulipotafuta. Katika mipangilio chagua WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, au OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001. PPTP ya miaka ya 1990 iache. Udhaifu wake ulionyeshwa hadharani mwaka 2012.

Chagua seva ya karibu, mathalani Nairobi au Johannesburg, kwa kuwa umbali hupunguza kasi. Washa kipengele kinachokata intaneti endapo VPN itakatika. Mwisho, fungua tovuti inayoonyesha anwani ya kompyuta yako, kwanza VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Anwani isipobadilika, njia haijafunguka. Kifurushi chako pia kitaliwa haraka kidogo, kwani kufunga ujumbe huongeza uzito.

BEI

Bei ndogo ya mwezi inayotangazwa mara nyingi hudai malipo ya miaka miwili kwa mkupuo. Dola 3 kwa mwezi ni dola 72 leo, kwa fedha za kigeni, na kadi inaweza kukatwa tena muda ukiisha, pengine kwa bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo lipa mwezi mmoja kwanza. Pima kasi jioni, wakati mtandao una watu wengi, na uone kama kazi zako za kawaida zinapita bila kikwazo. Ikikufaa, ndipo ufikirie mkataba mrefu. Isipokufaa, umepoteza fedha ya mwezi mmoja tu.